Madini ni yetu, na deni ni letu

Tangu Julai 2024, Serikali ilipokubali kuilipa kampuni ya Indiana Resources ya Australia dola milioni 90 za Marekani kwa ajili ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, kauli ya kwamba tumeonewa haijaisha vijiweni. Madini ni yetu, ardhi ni yetu, leseni tuliitoa wenyewe. Iweje mwenye mali adaiwe kwa kuchukua kilicho chake? Kauli hiyo ina ladha ya uzalendo, ndiyo maana ni wachache wanaothubutu kuipinga. Mimi naipinga. Kisheria haina miguu, na inamuumiza mkulima wa Nachingwea na Ruangwa kuliko inavyomuumiza mgeni yeyote.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka 2015 wawekezaji wa Ntaka Hill walipewa leseni hodhi. Hiyo ni leseni ambayo Sheria ya Madini ya 2010 iliiweka kwa ajili ya mtu aliyekwisha kugundua madini lakini bei ya soko au sababu nyingine ya kiuchumi ikamzuia kuanza kuchimba. Aliruhusiwa kuyashikilia kwa miaka mitano. Julai 2017 Bunge likafuta aina hiyo ya leseni, na kanuni za tarehe 10 Januari 2018 zikatamka kuwa hata zile zilizokwisha kutolewa zimekoma. Desemba 2019 ikatangazwa zabuni ya kutafuta wawekezaji wengine wa maeneo hayohayo. Fidia haikulipwa. Kesi ikafunguliwa mwaka 2020 katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, kilichoko Washington, na Julai 2023 wasuluhishi wakaamua kwa kauli moja kwamba Tanzania imevunja mkataba wa kulinda uwekezaji iliousaini na Uingereza mwaka 1994. Fidia yenyewe ilikuwa dola milioni 76 na ushei. Riba iliyohesabiwa tangu siku ile ya Januari, pamoja na gharama za kesi, ikaipandisha hadi milioni 109, kabla pande mbili hazijakubaliana zilipwe zile 90. Wala Nachingwea haikuwa peke yake. Winshear Gold ya Kanada, iliyopoteza leseni yake kule Songwe, ilikubaliana na Serikali kulipwa milioni 30, na Montero ya Wigu Hill, Morogoro, milioni 27. Ukijumlisha na zile 90 za Ntaka Hill, kufuta leseni hodhi kumetugharimu dola milioni 147.

Tuache Washington, twende shambani. Kusini watu hukodishana mikorosho. Mtu amekodi shamba kwa misimu mitano. Amefyeka, amepogolea matawi, amenunua salfa, na alfajiri za Juni anaingia shambani na bomba mgongoni ili apulizie umande ungali kwenye majani. Maua yanaanza kushika, mwenye shamba anatokea: mikorosho ni ya baba yangu, ondoka. Sidhani kama yupo mzee wa baraza, Naipanga au Mbekenyera, atakayeamua kwamba mwenye shamba hadaiwi kitu kwa kuwa miti ni yake. Kwamba miti ni yake halina ubishi. Anachodaiwa ni misimu aliyokwisha kuiuza na jasho la mwenzake lililobaki kwenye miti. Na hili si jambo tuliloletewa na wazungu. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Hata mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sheria zilizotaifisha mabenki zilikiri wajibu wa kulipa fidia, wala hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba Mwalimu amepungukiwa na uzalendo.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kampuni ya Australia ilipita mlango wa Uingereza kwa kutumia kampuni tanzu zilizosajiliwa huko, na kwamba mikataba ya aina hii inamlinda mgeni kupita kiasi. Nakubali mikataba hiyo irekebishwe. Lakini Tanzania iliisaini kwa hiari yake, na dawa ya mkataba mbaya ni kuujadili upya au kuusitisha kwa utaratibu wake. Kuuvunja kisha kulalamika si dawa. Ya pili ni kwamba kampuni ilikalia madini bila kuchimba. Ni kweli, na wananchi walikuwa na haki ya kukereka. Ila leseni ile ilikuwa ya miaka mitano tangu 2015. Serikali ingesubiri hadi 2020, ikapima kama mwenye leseni anastahili kuongezewa muda, na ikiona hastahili, ikamnyima kwa sababu zilizoandikwa. Haraka ya miaka miwili na miezi michache imetugharimu zaidi ya shilingi bilioni 200.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Indiana ilikuwa na mkataba wa kimataifa na mawakili wa kuidaia fidia na riba. Mkulima wa Ruangwa ambaye shamba lake limekaa juu ya grafaiti hana Washington ya kukimbilia. Kinga yake ni Sheria ya Ardhi ya 1999, inayotaka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na Sheria ya Uthamini ya 2016, inayotaka uthamini urudiwe ikiwa miaka miwili imepita bila malipo. Siku tukiuzoea msemo kwamba mwenye mali hadaiwi, atakayesikia kwanza ni yeye, kwa sababu ardhi yote nchini ni ya umma chini ya Rais. Serikali inayoweza kumwambia Mwaustralia kuwa hana chake haitashindwa kumwambia hivyo mtu wa Matambarale mwenye mikorosho 40 na karatasi ya mthamini.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Nachingwea na Ruangwa, waliomo sasa na watakaokuja: muswada wowote unaofuta leseni au haki ya mtu, awe mgeni au mwanakijiji, usipite mikononi mwenu kabla hamjauliza kifungu cha fidia kiko ukurasa wa ngapi.