Haki ya Mtoto Yataka Waliosoma

Kijana wa Pito, hapo karibu na mji wa Sumbawanga, akisema kwamba aenda chuoni kujifunza mashauri ya watoto walioshtakiwa, huenda akachekwa. Ataambiwa kwamba kazi hiyo haina haja ya chuo, yatosha fimbo. Sisi twaona kwamba wenye kucheka wamekosa, na sababu ni hizi.

Kwa miaka zaidi ya 70 mambo haya yaliongozwa Tanzania Bara na sheria ya kikoloni ya mwaka 1937. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaifuta. Yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwamba asihukumiwe kifungo. Na kwamba shauri lake lisikilizwe faragha katika Mahakama ya Watoto, kwa kuuliza na kusikiliza, afisa wa ustawi wa jamii akiwapo.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Hakimu humwona mtoto kwa muda mfupi tu. Hajui kama aliiba kwa njaa, au alitumwa na mtu mzima, au nyumbani hakuna wa kumlea. Wa kumweleza hayo ni afisa wa ustawi, ambaye yampasa afike kijijini, aongee na wazazi, mwalimu na majirani, kisha aandike taarifa. Taarifa mbovu yaweza kumtenga mtoto na kwao bila sababu. Shule ya Maadilisho ya Irambo iko Mbeya, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Ni mama gani mkulima wa Ufipa awezaye kwenda huko mara kwa mara kumwona mwanawe?

Sheria njema pasipo mtumishi ni karatasi. Mahakama ya watoto iliyofunguliwa Chicago, Marekani, mwaka 1899, iliruhusiwa kuwa na maafisa wa kuwaangalia watoto, lakini sheria haikutoa mishahara yao. Ikabidi vyama vya kina mama wa mji vichange fedha. Sisi tusingoje michango. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam imefunza maafisa tangu miaka ya 1970, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto. Lililobaki ni vijana waende, tena wakihitimu wapewe kazi mikoani, wala wasiikatae kwa kupenda taa za mji.

Wazee wetu husema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini mkono usiojua kukunja huvunja, na aliyevunjwa akiwa mtoto hurudi kijijini akiwa mtu mzima mwenye kinyongo. Basi wazazi wa Pito wasimcheke kijana huyo. Wamchangie nauli.