Siku ya Kurudi Hospitali

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali, jamaa husema amepona, na nyumba hujaa furaha. Kwa maradhi mengi kauli hiyo ni ya kweli. Kwa mtu aliyepandikizwa uloto si hivyo, na ni wajibu wetu kulieleza jambo hili waziwazi, kwa wananchi na kwa wakuu wa Serikali pia.

Uloto ni ule ute ulio ndani ya mifupa, ambamo damu ya mwanadamu huzaliwa. Elimu ya kuupandikiza haikuanza jana: Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alitangaza majaribio yake ya mwanzo mwaka 1957, na mwaka 1990 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili iliianza kazi hiyo mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mayeloma, ambayo ni saratani ya uloto wenyewe. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikizia watoto wenye selimundu. Hatua hizo ni fahari ya taifa.

Sasa tuwafikirie mume na mke wa Pemba. Mume ana mayeloma. Chembe zake mwenyewe zilivunwa zikahifadhiwa. Akapewa dawa kali ya kuiangamiza saratani, dawa ambayo huuangamiza na uloto. Kisha akarudishiwa chembe zake kwa njia ya mshipa, mfano wa mtu anayeongezwa damu. Baada ya wiki kadhaa ameruhusiwa kwenda kwao. Lakini mkononi ana karatasi yenye tarehe za kurudi, na tarehe hizo ndizo zinazoitawala nyumba yao.

Siku 100 za mwanzo ni za hadhari kubwa. Damu yapasa kupimwa mara kwa mara, ijulikane kama chembe zinaongezeka, figo zitazamwe, dawa zirekebishwe. Kinga aliyoipata kwa chanjo za utotoni hudhoofika, hata baada ya miezi kadhaa huanza kuchanjwa upya. Homa ya nyuzi 38, ambayo jirani angeitibu kwa vidonge viwili na usingizi, kwake yeye ni dharura isiyongoja kukuche. Tena mayeloma ina tabia ya kurejea. Kwa hiyo kila safari ya kurudi hospitali ni kama kungoja hukumu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mume hujifanya amelala ili mkewe asiingie hofu, na mke naye hujifanya vivyo hivyo.

Huyu mke hana jina katika daftari la hospitali, ilhali nusu ya tiba imo mikononi mwake. Ndiye apimaye joto, ahesabuye vidonge, achemshaye maji, na asimamaye mlangoni kuwaomba radhi wageni. Akiwa mtumishi, kila tarehe ya kurudi humlazimu kuomba ruhusa upya. Akiwa mchuuzi, siku hiyo hakuna mauzo.

Halafu ipo bahari. Kutoka Mkoani hadi Unguja, na Unguja hadi Dar es Salaam, mtu asiye na kinga hukaa bega kwa bega na umati. Na upepo wa kusi ukichafuka, tarehe iliyoandikwa hupita. Mgonjwa na msafiri ni watu wawili waliopewa nafuu na dini katika mwezi wa Ramadhani. Huyu ni mgonjwa na msafiri kwa wakati mmoja. Je, sisi tumempa nafuu gani?

Visiwa hivi vilitangaza matibabu bila ya malipo mwaka 1965. Tamko lile halikukusudiwa kuishia kitandani. Afya si jambo la Muungano. Zipo Wizara mbili, na mgonjwa huyu anapita katikati yake. Tunaomba zikae pamoja kwa ajili yake. Vipimo vya kawaida vya damu vifanywe hapa visiwani, majibu yapelekwe kwa daktari bingwa kwa simu, ili safari ya ng'ambo ya bahari ibaki kwa lile lisilowezekana hapa. Mgonjwa apewe kadi ya Kiswahili inayomweleza mganga wa zamu usiku kwamba mtu huyu amepandikizwa uloto na kwamba homa yake haingoji. Nafasi ya faragha katika boti na malazi karibu na hospitali yahesabiwe kuwa sehemu ya matibabu. Na mwajiri ampe ruhusa anayemuuguza, bila ya kumfanya aombe kama mkosaji.

Sisi wananchi nasi tuna wajibu wetu. Kumtazama mgonjwa ni jambo jema, lakini kwa huyu wema ni kusimama barazani, kutuma salamu, na kukaa mbali ukiwa na mafua. Mwenye kutaka thawabu zaidi na awachukulie watoto wao siku ya safari.

Tumetumia fedha nyingi na elimu kubwa kumrudishia mtu huyu damu yake. Itakuwa hasara na aibu tukimpoteza kwa kukosa nauli ya boti.