Muhogo na Wenzake wa Chini ya Ardhi

Juma lililopita mama mmoja alituletea swali ambalo tumeona lifaa kujibiwa hapa, kwani shida hiyo si yake peke yake. Nyuma ya nyumba ana kishamba cha mchanga mweupe. Mihogo humea hapo pasipo mbolea yoyote, ilhali sukuma wiki iliyo ubavuni mwake hudumaa, majani yakaingia rangi ya zambarau, ingawa huimwagilia maji kila jioni. Ameanza kuambiwa ni jicho la jirani, na salamu baina ya nyumba mbili zimepungua. Hatukanushi kuwa jicho lipo. Lakini twamwomba amwondolee jirani yake dhana, maana jambo hili lina sababu yake ardhini.

Mmea hauishi kwa maji tu. Miongoni mwa vyakula vyake imo fosforasi, nayo hung'ang'ania chembe za udongo, haisafiri na maji kwa wepesi. Mzizi ukishamaliza iliyo kandokando yake, kadiri ya milimita chache, hubaki na njaa hali chakula ki karibu. Hapo ndipo kuvu huja. Ni viumbe wa jamaa ya uyoga, wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo huingia ndani ya mzizi, kisha hutandaa nje yake sentimita kadhaa, zikipenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupenya. Huleta fosforasi, na mmea huzilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Malipo hayo si haba: yaweza kufikia sehemu moja katika tano ya sukari yote. Mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, ndiye aliyeuita ushirika huu mikoriza mwaka 1885, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi.

Muhogo wautegemea sana ushirika huo, kwani mizizi yake ya kutafutia chakula ni minene na michache. Watafiti nchini Kolombia waliupanda katika udongo uliokwisha kuuliwa viumbe vyote, nao ukadumaa. Haukustawi ila uliporudishiwa kuvu au kutiwa fosforasi kwa wingi mno. Sukuma wiki ni ya ukoo wa kabeji, na ukoo huo haupokei kuvu hizi. Basi, mama, sukuma yako haina wa kuitafutia.

Atakaye kuuona ushirika wa namna hii kwa ukubwa wake, na aende msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi. Kwenye mchanga mweupe usio na rutuba ndiko mrihi ulikoshika makazi. Mizizi yake huvikwa na kuvu za aina nyingine, ambazo huuzunguka mzizi kama ala ya kisu. Mbambakofi nao ni wa kundi hilo. Mwenye kuotesha mche wa mbambakofi na atie kitaluni konzi moja ya udongo kutoka chini ya mbambakofi mkongwe wa kijijini kwao (si wa msituni, ambako hata udongo ni amana).

Linalotuuma ni desturi yetu ya kufagia majani yote na kuyachoma, kisha kulima kwa kina kila msimu na kuiacha ardhi tupu hadi mvua. Jembe huzikata nyuzi hizo, na ardhi isiyo na mzizi hai huzinyima chakula. Kunde zikipandwa katikati ya mihogo, kuvu hupata wa kuishi naye. Ama kuhusu unga wa kuvu unaouzwa kwa pakiti, hatuoni haja ya kuununua pale ambapo muhogo tayari wastawi wenyewe.

Kwa sukuma wiki, mama atie samadi iliyooza vyema kabla ya kupanda, aongeze kidogo kidogo inapochumwa. Msimu ufuatao aihamishe, na mahali pake apande kunde au mahindi, ambayo hupokea kuvu. Na fungu la kwanza atakalochuma, tungefurahi likivuka ua kwenda kwa jirani.