Viza ya Masomo Si Leseni ya Biashara

Kila mwaka baadhi ya vijana wetu wa Unguja na Pemba huondoka kwenda Uingereza kutafuta elimu ya juu. Wako wanaolipiwa na Serikali au wafadhili, na wako wanaolipiwa na wazee wao waliouza shamba, ng'ombe au karafuu za misimu kadha. Miongoni mwao wako wenye tumaini kwamba masomo yakimalizika, au hata kabla hayajamalizika, watajiunga na biashara ya jamaa aliyetangulia huko, wapate kulipa madeni na kusaidia nyumbani. Tumaini hilo si baya. Lililo baya ni kuondoka bila ya kujua sheria ya nchi wanayokwenda inasema nini juu ya jambo hilo.

Tuchukue mfano. Kijana wetu anasoma shahada ya pili mjini London. Mtoto wa ami yake ana duka huko, naye anamwambia: "Ingia ubia nami, robo ya duka iwe yako." Kwa mila zetu, hilo ni jambo la heri na udugu. Kwa sheria ya Uingereza, ni kuvunja masharti ya viza. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kuajiriwa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki katika kipindi cha muhula. Hata hivyo, haruhusiwi kujiajiri mwenyewe, kuanzisha biashara, kuwa mkurugenzi wa kampuni, wala kuajiriwa na kampuni ambayo yeye ana asilimia 10 au zaidi ya hisa zake. Maana yake ni kwamba kijana huyo anaweza kusimama dukani kama mwajiriwa anayelipwa mshahara, lakini hawezi kumiliki robo ya duka lile. Akifanya hivyo, viza yake yaweza kufutwa kabla hajaipata shahada, na ada iliyolipwa kwa jasho la wazee ikapotea.

Je, baada ya masomo kuna njia gani? Yafaa ieleweke kwamba njia ziko, na zilizo kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni viza ya mhitimu, iliyoanzishwa tarehe 1 Julai 2021. Hii ndiyo inayomfaa zaidi kijana wa mfano wetu, kwa sababu haihitaji mwajiri wala mdhamini, na mwenye nayo huruhusiwa kujiajiri na kuingia ubia. Masharti yake ni kwamba aombe akiwa ndani ya Uingereza, chuo kiwe kimeshaithibitishia Serikali kwamba amefaulu, na viza yake ya masomo iwe haijamalizika. Akichelewa hata siku moja, mlango umefungwa. Muda wake uliwekwa kuwa miaka miwili, na mitatu kwa mwenye shahada ya udaktari wa falsafa. Serikali ya Uingereza imekwisha tangaza kwamba kwa maombi yatakayopelekwa tangu tarehe 1 Januari 2027, miaka miwili hiyo itapunguzwa kuwa miezi 18. Viza hii hutolewa mara moja tu wala haiongezwi.

Ya pili ni viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Hapa kijana hawezi kujiombea peke yake. Lazima apatikane mwajiri mwenye leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kazi yenyewe kwa kawaida iwe ya kiwango cha shahada, na mshahara usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa waliohitimu karibuni wamewekewa nafuu ya pauni 33,400. Ni wazi kwamba duka dogo la jamaa, hata likiwa na nia njema, si rahisi kuyatimiza masharti hayo.

Ya tatu ni viza ya mwanzilishi wa biashara mpya. Mwaka 2023 njia hii ilichukua nafasi ya nyingine mbili za zamani, na lile sharti la mtaji wa pauni 50,000 likaondolewa. Wengi waliposikia hivyo walidhani mlango umekuwa mpana. Sivyo. Mwombaji sharti apate idhini ya taasisi iliyokubaliwa na Serikali ya huko, nayo hupima kama wazo lake ni jipya, linawezekana, na linaweza kukua. Tena sheria inatamka kwamba hawezi kutumia viza hii kujiunga na biashara ambayo tayari inaendeshwa. Kwa hiyo mwenye ndoto ya kuingia katika duka la ami yake, njia hii si yake.

Hatusemi haya kwa kuilaumu Uingereza. Kila nchi ina haki ya kulinda riziki ya watu wake. Hapa petu Tanzania, amri iliyotolewa Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo utengenezaji wa simu na uongozaji wa watalii. Ikiwa sisi tunamtaka mgeni aijue sheria yetu kabla hajafungua duka, si haki tuwaache watoto wetu waende ugenini bila ya kuijua sheria ya wenyeji.

Maoni yetu ni kwamba jukumu hili lisiachwe mikononi mwa mawakala wanaotafuta wanafunzi kwa ajili ya vyuo vya ng'ambo. Ofisi zinazotoa mikopo na nafasi za masomo zingeweza kumpa kila kijana, kabla hajaondoka, karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha: kipi kimeruhusiwa, kipi kimekatazwa, na tarehe zipi asizikose. Karatasi hiyo ipitiwe upya kila mwaka, maana kama tulivyoona, sheria hizi hubadilika. Gharama yake ni ndogo, na hasara itakayoepukwa ni kubwa.

Nao wazee tunawaomba wasimtwike kijana mzigo wa kufungua biashara katika mwaka wa kwanza wa masomo. Mwacheni asome, mwacheni aajiriwe kwa saa alizoruhusiwa, na mazungumzo ya ubia yangoje mpaka viza ya mhitimu iwe mkononi. Jamaa walioko huko nao wajue kwamba kumwandika mwanafunzi katika karatasi za kampuni si kumsaidia, bali ni kumtia hatarini.

Elimu wanayoifuata vijana hawa ni mali ya visiwa vyetu pia. Tungependa kuwaona wakirudi na shahada na ujuzi wa kuendesha biashara. Tusingependa warudishwe mikono mitupu kwa sababu ya sahihi moja iliyotiwa kwa kutojua. Wahenga wamesema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Basi tuulize leo, wakati kuuliza bado kunafaa.