Watu Sita, Kalamu Moja

Shule niliyosomea, hapa karibu na Woodley, kazi ya kikundi ya jiografia ilikuwa hivi: watu sita, kitabu kimoja, kalamu moja. Mmoja anaandika, wawili wanapiga stori za mechi, wengine wanangoja kengele. Mwisho majina sita yanaandikwa juu. Mwenye kalamu nilikuwa mimi, kwa hivyo uchungu bado ninao.

Sasa mtaala wa umilisi, ulioanza 2017, unaimba ushirikiano, na watu wanashangilia kana kwamba kusogeza madawati ni kufundisha. Zii. Elliot Aronson alishaonyesha njia huko Austin, Texas, mwaka 1971: kila mtoto anapewa kipande chake cha somo, na wenzake hawana pengine pa kukipata. Ukilala, kundi zima limelala.

Na si jiografia imetuzunguka? Vuka soko la Toi uingie Kibera. Mwaka 2009 vijana wa huko walishika GPS wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, maana ramani zilikuwa zimeuacha wazi. Vyoo, mabomba ya maji, zahanati, vichochoro. Hakuna aliyenakili, kwa sababu hapakuwa na cha kunakili.

Kwa hivyo walimu, msituambie hakuna vifaa. Mto Motoine huo hapo, unateremka hadi Nairobi Dam. Mmoja apime upana, mwingine ahesabu mifereji inayomwaga maji taka, wa tatu amuulize shosho maji yalifika wapi Aprili 2024. Halafu warudi darasani wabishane.

Eti darasa lina watoto sitini? Mto ni mrefu.