Vali mpya ya moyo yahitaji kipimo cha damu hapa hapa Lubumbashi

Katika komini ya Lubumbashi, kama penginepo mjini, jamaa huchanga makuta kanisani, kazini na kwa ndugu ili mgonjwa wa moyo apelekwe India au Afrika Kusini kubadilishiwa vali. Akirudi, majirani husema amepona. Hapo ndipo tunapokosea.

Mwili haupokei kwa urahisi kitu cha kigeni. Vali ya chuma na kaboni haishambuliwi kama figo ya mtu mwingine, lakini damu ikiigusa huelekea kuganda. Bonge likipanda kwenye ubongo, mtu anapooza. Kwa hiyo mgonjwa humeza warfarini au Sintrom maisha yote, na kupimwa INR mara kwa mara: dawa ikipungua damu inaganda, ikizidi inavuja.

Vali ya nguruwe au ng'ombe haidai dawa hiyo maisha yote. Lakini hata ikitibiwa kwa glutaraldehaidi, hubaki na alama za mnyama, mojawapo sukari iitwayo alfa-gal, ambayo mwanadamu hana. Kinga ya mwili huitambua, chokaa hujijenga, vali hukakamaa. Kwa kijana huharibika upesi kuliko kwa mzee.

Sasa msichana wa miaka 20 achague ipi? Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vali ya mnyama itamrudisha kwenye operesheni nyingine, na michango nyingine. Waganga wamweleze hayo kabla hajapanda ndege.

Na wengi wa wagonjwa hawa ni vijana, kwa kuwa ugonjwa huanza utotoni: koo lisilotibiwa, kisha kinga iliyopigana na mikrobi inageukia moyo wenyewe. Mnamo Mei 2018, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huo. Penisilini ni dawa ya zamani, na bei yake si kitu mbele ya tiketi ya ndege.

Serikali ya jimbo la Haut-Katanga ihakikishe mambo mawili: penisilini isikosekane katika vituo vya afya, na kipimo cha INR kipatikane kwa bei ambayo mama muuza soko anaimudu. Mwenye vali ya chuma aliyekaa miezi bila kupimwa hajui kama kidonge cha leo kinamlinda au kinamvujisha damu.