Kwetu Huitwa Uvivu

Rafiki yangu wa darasa la uzamili amerudi kutoka Italia, alikokaa muhula mmoja, na sasa ananifundisha kuishi. Chakula cha mchana, anasema, kichukue saa mbili nzima. Kahawa iwe chungu, kikombe kidogo, na pawe na mtu wa kuzungumza naye. Jioni watu watoke, watembee bila safari, wasalimiane. Waitaliano wana jina la raha hiyo: dolce far niente, utamu wa kukaa bila kufanya kitu. "Sisi Watanzania," akamalizia, "hatujui kuishi."

Mimi nimezaliwa Masumbwe, kando ya barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Utamu huo naujua. Kwetu huitwa uvivu.

Baba yangu alikuwa na kijiwe. Alasiri, akishatoka shambani, alikaa kwenye benchi na wazee wenzake, birika la kahawa juu ya mkaa, kashata kwenye sahani, bao katikati. Waliongea bei ya pamba, mvua, nani kafiwa na achangiwe nini. Nilipokuwa kidato cha pili nilimwambia, "Baba, mnapoteza muda pale." Kwetu mtoto hamwambii baba yake hivyo, lakini shule ilikuwa imenipa ujasiri. Hakunijibu. Taratibu akaacha kwenda. Siku hizi anakunywa kahawa yake uani, peke yake.

Maneno yale sikuyatunga mimi. Tulianza na "Uhuru na Kazi". Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana shughuli mijini wakakamatwa na kupelekwa vijijini. Mwaka 2015 tukaambiwa "Hapa Kazi Tu". Kazi siibezi; ugali hauji kwa kukaa. Ninachogombana nacho ni mizani. Mzee wa Napoli akikaa nje ya mlango wake saa kumi jioni, huo ni utamaduni, tunakwenda kumpiga picha. Kijana wa kwetu aliyekesha ndani ya duara akitafuta dhahabu, akikaa kijiweni mchana kunywa chai, huyo ni mhuni.

Na kahawa yenyewe! Majirani zetu wa Kagera wanailima, na Italia ni miongoni mwa wanunuzi wa kahawa ya Tanzania. Wahaya humkaribisha mgeni kwa punje za kahawa za kutafuna, desturi ya tangu enzi za mababu. Leo tunasafiri kwenda kufundishwa ukarimu wa kikombe.

Hata hao Waitaliano, raha yao haikujilinda yenyewe. Mwaka 1986, McDonald's ilipofungua mgahawa karibu na Piazza di Spagna, Roma, Carlo Petrini na wenzake walipinga, na tambi zikagawiwa pale mtaani. Katika upinzani huo ndimo lilimoota vuguvugu la Slow Food. Mwaka 2017 UNESCO ikautambua ufundi wa wapika piza wa Napoli kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Kama kuna la kuiga Italia, ni ubishi huo wa kukataa kuonea aibu chakula cha mama zao.

Ila tukianza kutetea vya kwetu, tusitetee nusu. Kijiwe kilikuwa cha wanaume. Baba akinywa kahawa, Mama alikuwa kisimani. Raha yake ilikuja jioni, kwenye mkeka na majirani, matobolwa na chai, kicheko kikisikika hadi barabarani. Na hata hapo mikono yake ilikuwa ikimenya karanga za kesho. Nilimuuliza rafiki yangu: hicho chakula cha saa mbili, nani alikipika? Nani aliosha vyombo? Hakukumbuka. Raha inayomwacha mtu mmoja jikoni ni raha ya kuazima, iwe Napoli au Masumbwe.

Likizo hii narudi nyumbani. Nitanunua kashata, nitamwomba Baba radhi, kisha nimwombe anipeleke kijiweni, kama benchi bado lipo. Jioni tutatandika mkeka, na Mama atakaa mikono mitupu.

Vyombo nitaosha mimi.